Limbwata Nililosingiziwa

Wifi zangu wawili walinisingizia kwamba nimempa kaka yao limbwata. Walisema mbele ya wanangu, nyumbani kwangu Mashewa. Limbwata ni dawa ya kumfanya mwanamume awe zoba, amfuate mkewe popote. Na kweli mume wangu alikuwa akinifuata. Nikienda kisimani, yuko nyuma yangu. Nikimwacha peke yake, anauliza njia ya shamba alilolilima tangu ujana.

Lakini hawakuuliza kwa nini alikuwa hashibi maji, wala kwa nini sisimizi walijaa pale alipokojoa. Niliposema, walinicheka.

Miaka ya foleni tulipimiwa sukari kwenye duka la kijiji, tena kwa bahati. Ilipokuja ruksa ya biashara maduka yakafurika, nasi tukaigeuza sukari kuwa heshima. Mzee ambaye chai yake hainati midomoni, watu walisema wanawe wamemtupa. Wifi zangu wakija kutoka Handeni walikuja na soda, wakamsimamia kaka yao mpaka amalize chupa. Nikimwondolea, mimi ndiye mchoyo.

"Wifi, soda unamnyima. Wewe unampa nini?" aliuliza yule mkubwa.

"Maji."

"Maji yenye nini ndani?"

Wakapanga kumpeleka kwa mganga akatapishwe, na mimi nirudi kwetu. Nikawaambia wanangu, kwanza hospitali Korogwe, na shangazi zenu waje wasikie kwa masikio yao. Tukapanda basi wote.

Daktari alipima mkojo, akapima na damu. Kisukari, akasema, na si cha jana. Nikamuuliza, "Na huku kusahau?" Akasema sukari ikikaa nyingi kwenye damu huharibu mishipa, hata ya kichwani. "Hatujajua yote, mama, lakini mara nyingi naviona viwili hivi pamoja." Siku hizi kliniki wanaeleza zaidi: mwili unakuwa sugu, hauisikii tena insulini inayoingiza sukari mahali pake, na ubongo nao huenda ukakaa na njaa katikati ya shibe. Wanasema bado wanachunguza. Wachunguze.

Wifi mkubwa akakaza kanga yake. "Hata daktari kalishwa."

Daktari akacheka. Mimi sikucheka. Mwanamke akisahau, mnasema kazeeka. Mwanamume akisahau, anatafutwa mwanamke wa kutwikwa lawama.

Nikawaambia palepale, wagonjwa wakisikiliza: "Kaka yenu huyu hapa. Anayemtaka amchukue, amwogeshe, amfulie, amtafute akipotea. Ila kwa mganga haendi." Mkubwa akatazama dirishani. Mdogo akasema watachelewa basi la Handeni.

Nikarudi naye Mashewa. Vidonge vilishusha sukari, maji akapunguza, lakini akili haikurudi. Alikufa ananiita dada, nami nilikuwa nikiitika.

Walikuja kuzika, wakalia kuliko mimi. Samahani sikuisikia. Maneno yao ndiyo yaliyobaki kijijini, maana watu wanaamini limbwata mama humrithisha binti. Posa ya binti yangu wa mwisho ilivunjwa na watu waliokuwa wameshakubaliana nasi kila kitu. Mshenga aliniambia wazi: "Bibi, vijana wanaogopa chakula cha nyumba yako."

Hao waliovunja posa, wazee wao nao wanasahau sasa. Nawaona wakipotea njiani, nawashika mkono, nawarudisha kwao.