Sauti Yangu Ilivyouza Bustani ya Mama

Nimewahi kusikia sauti yangu mwenyewe ikiuza bustani ya mama yangu.

Ilikuwa inatoka kwenye simu ya mwanaume ambaye sikuwahi kumwona maishani, naye amesimama na viatu vyake vya kung'aa juu ya tuta nililoliinua kwa mikono yangu.

Ngoja niwape mkasa wote.

Mimi ni fundi cherehani. Naishi na mama, wawili tu. Baba alipofariki, bustani ya nyuma ya nyumba ikakosa mtu. Magugu yakapanda mpaka dirisha la jiko likakosa mwanga. Mama magoti yanamsumbua, na mimi kutwa niko kwenye mashine, nguo za watu hazijishoni.

Nina kaka mmoja, mkubwa wangu. Anaishi mbali. Nyumbani tunamwita Mheshimiwa, kwa sababu hata akiomba chumvi mezani anaanza na "kwanza kabisa".

Siku moja akapiga simu.

"Dada yangu, kwanza kabisa pole na kazi. Pili, hiyo bustani mbona imekuwa pori? Mvua ziko njiani. Isafishe, mama apande mboga zake, apate pa kutulizia akili."

Jamani, nilifurahi. Mtu ambaye hata sikukuu hapigi, leo anakumbuka mboga za mama.

Nikaingia kazini. Kila nikifunga cherehani, nashika jembe. Anayeijua ndago, lile gugu sugu, anajua kwamba ukiikata juu umeichekea tu. Lazima uchimbe, ufuate vile viazi vyake vidogo chini ya udongo, kimoja kimoja. Mikono ikatoka malengelenge mpaka sindano ikawa haishikiki. Mteja mmoja akalalamika pindo la gauni limepinda, nikamwambia hata mgongo wangu umepinda, tuvumiliane.

Mama alikuwa anakuja mlangoni, ananitazama, haongei sana. Nikajua ni furaha.

Mheshimiwa naye akawa ananifuatilia kuliko msimamizi wa kiwanda.

"Pako safi?"

"Bado, kuna ndago kona ya bomba."

"Na jirani hana neno na huo mpaka?"

Kwenye ua kulikuwa na miiba imetambaa mpaka kwa jirani, nikajua anaulizia hiyo.

"Na mama anasemaje?"

Nikimjibu kwa maandishi, anakataa. Eti nimtumie sauti, macho yake siku hizi hayapendi herufi ndogo. Akaniambia pia kuna watu atawatuma waje kusaidia.

Nilipomaliza, matuta yamenyooka, samadi imechanganyika vizuri, nikamtumia sauti kwa mbwembwe zote.

"Kaka, pako safi kabisa. Jirani hana neno, mama ameridhika. Hao watu wako waje tu, hata kesho."

Wakaja kesho yake. Hawakuwa na jembe. Walikuwa na tepu ya kupimia.

"Samahani kaka, unakanyaga tuta," nikamwambia yule wa viatu.

"Wewe ndiye dada mtu?" Akatabasamu. "Nimekusikia. Umenitoa wasiwasi kweli. Siku hizi kupata kiwanja safi, kisicho na mgogoro, ni shughuli."

"Kiwanja gani?"

Akabonyeza simu. Nikajisikia mwenyewe, na mbwembwe zangu zote. Pako safi kabisa. Jirani hana neno. Mama ameridhika. Waje tu.

Damu ilinichemka. Mimi naongelea magugu, mwenzangu anawasikilizisha watu kwamba mpaka hauna kesi na familia imekubali kuuza. Alinipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, akanifanya kibarua wa kumpambia biashara.

Nikampigia hapo hapo, spika wazi, wageni wasikie.

"Unauza bustani ya mama?"

"Dada, punguza jazba. Nimekudanganya wapi? Nilikuuliza kama pako safi, ukasema safi."

"Nilikuwa nasema magugu, wewe."

"Sasa hayo mimi ningeyajuaje?"

Nikamkatia simu.

Yule mnunuzi akaanza kukunja tepu yake taratibu.

"Dada, mimi natafuta mahali pa kujenga nikalale usingizi," akasema. "Hapa si safi."

Akamwita mwenzake wakaondoka. Namheshimu yule mtu mpaka kesho, pamoja na viatu vyake.

Nikageuka nikijua nimeshinda. Mama alikuwa mlangoni, amekunja uso.

"Umemfukuza mteja wa kaka yako," akasema.

Nikadhani nimesikia vibaya.

"Mama, ulikuwa unajua?"

"Alinieleza kabla hujashika jembe. Akasema nisikwambie, utagoma kulima."

"Na wewe ukakubali?"

Akaangalia chini. "Alisema ikiuzwa ataongeza chumba kwake, anichukue nikakae naye."

"Na mimi je?"

"Wewe si una kazi yako."

Nimeishi na huyu mama miaka yote tangu baba atutoke. Magoti yake nayakanda mimi kila asubuhi. Kuna mchumba nilimkataa kwa sababu alitaka tuhamie mbali na mama. Nilimkasirikia mama kuliko nilivyomkasirikia Mheshimiwa, na sioni aibu kulisema.

Nikaingia chumbani kwake, nikakunja nguo zake, nikazipanga kwenye begi. Nikaliweka mbele yake. Nikapiga tena, spika wazi.

"Kaka, bustani haiuzwi, mnunuzi amekula kona. Ila mama yuko tayari kuja kwako. Begi limefungwa. Njoo umchukue."

Nikasikia anakohoa.

"Dada, kwanza kabisa, nyumba yangu ni ndogo. Ngoja nijipange, nitawapigia."

Mama alisikia kila neno. Hakunitazama. Alilinyanyua begi mwenyewe, na magoti yale yale mabovu, akalirudisha chumbani, akafunga mlango.

Mvua zimeshanyesha. Nimepanda, na mboga zimeota vizuri tu. Mheshimiwa hajapiga, na nikimpigia inaita mpaka inakatika. Hasira yangu kwake haijapungua hata chembe.

Hasira yangu kwa mama ndiyo sijui niiweke wapi. Kila simu yangu ikilia, hata akiwa katikati ya kula, ananyanyua kichwa na kuuliza, "Ni yeye?"

Namjibu ni mteja wa nguo.

Kwa hiyo ndugu zangu, mtu akikutuma kusafisha mahali, usikimbilie jembe. Muulize kwanza ni nani anakuja kukaa hapo. Kisha nenda kwa yule unayemlimia, umuulize kama ana mpango wa kubaki.