Siku Tatu za Maji

Nakumbuka mwaka ule muhogo ulioza ardhini, kijiji chetu cha Lobule kizima tukala viazi vichungu vya porini. Ndio mwaka niliojua kwamba mimi ni mjinga.

Viazi vile, mwanangu, vina sumu. Unavikata vyembamba, unavitia kapuni, unalifunga kapu mtoni, maji yapite siku tatu. Bibi yangu alinituma nikalilinde. Siku ya pili njaa ikanishinda. Nikaonja kwa ncha ya ulimi, nikaona uchungu umepungua, basi nikapika, nikamlisha na Poni, mdogo wangu. Mwenye pupa hadiriki kula tamu! Mimi nilimeza kidogo tu. Poni alishiba, akatapika mpaka macho yakageuka, siku mbili hatambui mtu.

Alipona, Mungu ashukuriwe. Bibi hakunichapa. Alisema tu, "Wewe ulijua jina la kiazi, ukafikiri umekijua kiazi." Afadhali angenichapa.

Sasa mwezi uliopita mjukuu wangu Kiden, anayesoma chuo kikuu (ndiyo, wa kwangu mimi nisiyemaliza darasa la tatu), alikuja na mkubwa wake wa kazi kutoka mji wa Arua kufanya utafiti wa mimea ya porini inayoliwa. Nikawatembeza kutwa. Nikawaonyesha mboga ambazo walikuwa wamezikanyaga. Nilitamba, kwa nini nisitambe? Tulipofika kwenye kiazi kile, mkubwa akatazama saa.

"Mama, karatasi yetu iko na nafasi ya jina tu. Tupe jina. Mambo ya kupika tutaandika siku ingine."

"Jina bila siku tatu za maji, sitoi."

Akacheka. "Mama iko mkali kama askari!"

"Askari alikuwa baba yangu. Mimi niliona mtoto akitapika."

Kiden hakucheka. Mbele ya mkubwa wake akageuza karatasi, akaandika nyuma: kukata, kapu, mto, siku tatu. Ndipo nikamtajia jina. Mwanangu, siku ile hata shingo yangu ilirefuka.

Usione vyaelea, vimeundwa. Usimpe mwenye njaa nusu ya maarifa, nusu hiyo ndiyo inayoua. Uliza, andika, lakini andika mpaka mwisho. Mungu akupe mikono yenye subira, na wote wanaokula kwako waamke wazima. Ila ukija kwangu na haraka zako, jibu langu unalijua:

"Jina bila siku tatu za maji, sitoi."