Kiti Ni Changu

Saa kumi na robo alasiri ndipo jirani yangu Mama Riziki alipowatangazia watu kwamba nimepandisha, na aibu yote ilianzia hapo. Naikiri, lakini simwombi mtu radhi.

Nilikuwa mgonjwa. Daktari wa Msambweni aliuita ugonjwa wangu sonona. Kwa miezi nililala nikitazama mabati, na hoteli ya Diani nilikokuwa fundi umeme ilikuwa imeniarifu kwamba nisipofika Jumatatu, nafasi yangu atapewa mwingine. Katika jarida lililoachwa na mgeni nikasoma kwamba mtu huweza kuonyeshwa mawimbi ya ubongo wake, na kwa kuyatazama akajifunza kuyaongoza hadi moyo ukapata nafuu. Basi nikaunda mashine yangu (ya betri, si ya umeme wa ukutani, mimi si mjinga): nyaya tatu kichwani, uji wa chumvi wa kuzishikisha, na mita yenye mshale.

Mama Riziki alichungulia dirishani akauliza nafanya nini, nami, mtu wa Machakos niliyehamia Bongwe, nikamjibu, "Napandisha mawimbi." Yeye alisikia napandisha tu, na kwa watu wa huku anayepandisha ni mwenye pepo kichwani.

Kabla mshale haujatulia nyumba ilijaa watu, ubani ukafuka, akina mama wa kanisa langu wakabanana mlangoni, na Bi Mwanasha, mganga wa pepo, akapiga magoti mbele yangu.

"Karibu, bwana mkubwa. Tafadhali, usikitese kiti chako."

Nikakitazama kiti nilichokalia. "Kiti ni changu. Nilikinunua."

Chumba kizima kikashtuka. (Kiti, nilikuja kuelezwa, ni mtu aliyepandwa na pepo, kwa hiyo pepo alikuwa amekiri kwamba ameninunua.)

"Sasa wataka nini, bwana?"

"Kimya."

"Na mbuzi je?"

Mke wangu ndiye aliyecheka kwanza, nami nikamfuata, kicheko changu cha kwanza tangu nianguke kitandani, na mshale ukagonga mwisho wa mita (ni misuli ya taya, najua, si ubongo).

Jumatatu nilikwenda kazini. Sidai kwamba mashine iliniponya, nasema nilikwenda. Vijana wa Ukunda hunisalimu, "Vipi, Mzee Kiti?" nami huitikia. Mashine bado naivaa, tena dirisha likiwa wazi, ila sipandishi tena chochote: naongeza.

Mbuzi, marashi na shuka nyekundu vya kumtuliza pepo, Bi Mwanasha alivikadiria shilingi elfu mbili na mia tatu. Sikuzitoa, bado zimo mfukoni mwangu.