Gauni Pana la Siku ya Mizani

Wateja walimwita Shangazi, ingawa katika ukoo mzima alikuwa shangazi wa mtu mmoja tu, tena wasiyeelewana naye. Alikuwa fundi cherehani, na kazi hiyo, watu wasiseme tu, huishi kwa miili ya wengine. Mtu akinenepa, analeta suruali iongezwe kiuno. Akikonda, anairudisha ipunguzwe. Shangazi alikula pande zote mbili kwa miaka mingi, mpaka goti lake la kulia likagoma kukanyaga cherehani.

Daktari wa mifupa alilibonyeza lile goti, akatikisa kichwa.

"Hili ni la kupasua," alisema. "Lakini sikupasui ukiwa na uzito huu. Punguza kilo sita, kisha urudi."

Alizitaja kilo sita kama mtu anayemtuma mtoto chumvi dukani.

Ndivyo Shangazi alivyoingia kwenye Mpango. Mpango huo wa kupunguza uzito ulikuwa wa daktari mwingine, mwenye kliniki ghorofa ya tatu, juu ya duka la misumari na rangi, katika jengo lisilo na lifti. Wenye midomo walidai nusu ya tiba ilikuwa zile ngazi. Kila Alhamisi asubuhi wagonjwa walikaa kwenye benchi ukumbini, wakapimwa presha, wakaulizwa wamekula nini, wakadanganya kidogo, kisha wakapanda mizani.

Katika miji mingi mizani ya watu husitiriwa kwa pazia, kama choo. Hapa ilikaa katikati ya ukumbi, na muuguzi, mama mwenye sauti ya mnadani, alizitangaza kilo za kila mtu. Aliyepungua alipigiwa makofi na benchi zima. Aliyeongezeka alipewa "Poleee!" ya pamoja, kama ya msibani. Daktari aliamini kwamba makofi huwatia watu moyo. Hakukosea. Ila hakujiuliza huwatia moyo wa kufanya nini.

Siku ya kwanza muuguzi alimpokonya Shangazi mkongojo, akamshika kiwiko mpaka akasimama sawasawa. Wiki iliyofuata simu ya muuguzi ililia, na Shangazi akapanda mwenyewe, mkongojo mkononi, ncha yake ikiwa sakafuni, nje ya mizani. Goti liliuma, basi akauegemea. Sketi ilikuwa pana. Hakuna aliyeona, na yeye mwenyewe hakuwaza lolote.

"Kilo tatu chini!" alinadi muuguzi.

Makofi yakalipuka. Mwalimu mstaafu, mwenye tumbo lililotangulia kila mahali alikokwenda, alisimama kabisa kushangilia. Shangazi hakuwa amepigiwa makofi tangu siku ya harusi yake, na hata siku ile mengi yalikuwa ya bwana harusi. Alipofika ngazi ya pili akishuka ndipo akaelewa kwamba mkongojo ndio uliombebea kilo zake. Angeweza kurudi. Lakini aonjaye asali huchonga mzinga: jioni ile alijishonea gauni pana kama hema, lenye mpasuko mdogo ubavuni wa kupitishia mkono mpaka kwenye mkongojo uliofichwa ndani.

Alhamisi iliyofuata, makofi tena.

"Shangazi, unakula nini?" mwalimu mstaafu alimnong'oneza.

"Sili, mwalimu. Nashona."

Alishona kweli. Mwezi haujaisha, nusu nzima ya benchi ilikuwa imevaa kazi ya mikono yake, na mwalimu alikuwa na koti refu lililomfika vifundoni. Kila mmoja alikuja akichechemea na mkongojo, na zamu yake ikikaribia aliuingiza ndani ya nguo. Makofi yalikuwa mengi hata mwenye duka la misumari alipanda kuuliza kuna harusi ya nani. Daktari, mtu makini, aliandika makala fupi akishuku kwamba kupungua haraka kunadhoofisha magoti.

Nyumbani mumewe alimtazama akikaa kitandani.

"Kwani umepungua kweli, mama watoto?"

"Kilo tano! Nimepigiwa makofi."

"Hongera. Ila kitanda bado hakijapata habari."

Shangazi alikuwa amevikwa kilemba cha ukoka, na kilemba hicho kina raha yake mradi mvaaji asikiguse.

Kilo ya sita ilipotoka, daktari alimwita ofisini, akampiga picha ya kutundika ukutani. Alikuwa amealikwa kuwahutubia madaktari wenzake hotelini kuhusu Mpango, na Shangazi ndiye atakayekuwa mfano.

"Leo namwandikia mwenzangu wa mifupa," alisema, akikuna karatasi kwa kalamu. "Wiki ijayo unapasuliwa."

"Nitasikia maumivu?"

"Hata kidogo. Dawa ya usingizi wataipima kwa kilo hizi ninazoandika."

"Hawatanipima tena?"

"Ya nini? Wana barua yangu."

"Na mtu akipewa dawa ya kilo pungufu?"

Daktari alicheka. "Anaweza kuzinduka fundi bado yuko kazini. Lakini haitokei, mama yangu. Mizani haina uongo."

Shangazi alijiona mezani, macho yamemtoka, goti limefunguliwa kama mshono wa suruali. Aliinuka, akatoka hadi ukumbini, akamkabidhi muuguzi mkongojo wake mbele ya watu wote, akapanda mizani.

"Soma."

Muuguzi alisoma kimya. Kisha akasoma kwa sauti, ila sauti ile ya mnadani haikutoka. Tangu siku ya kwanza Shangazi alikuwa amepungua kilo moja.

Hakuna aliyepiga makofi wala aliyesema pole. Benchi zima lilikuwa likichunguza dari. Chini ya koti la mwalimu mstaafu mkongojo uliteleza, ukaanguka kwa kishindo.

"Mficha maradhi," muuguzi aliguna, "kilio humuumbua."

Daktari alikuwa amesimama mlangoni, barua mkononi. Aliiangalia mikongojo, mmoja baada ya mwingine, na uso ukamshuka kama uliopungua kilo kadhaa.

"Shangazi," alisema polepole, "picha yako nimeshaituma hotelini."

"Basi waipasue picha. Mimi waniache kwanza."

Daktari alichana barua, ingawa alichukua muda. Mkutano ule hakwenda. Aliaga kwamba anaumwa, na kwa mara ya kwanza mwaka ule presha yake ilipopimwa ilikuwa juu kweli. Mizani ikahamishiwa chumba cha ndani, na muuguzi akafundishwa kunong'ona, kazi iliyomchosha kuliko zote. Nusu ya wagonjwa hawakurudi. Shangazi alirudi. Aliacha sukari kwenye chai, akatembea alipoweza, akaandikiwa chakula na safari hii akakila chenyewe. Wiki nyingine alipungua, nyingine aliongezeka, na hakuna aliyejua isipokuwa watu watatu ndani ya chumba. Ilikuwa kazi isiyo na hadhira, kama kufumua mshono.

Kilo sita zilitoka msimu mwingine ukiwa umeshaanza.

Siku ya kupasuliwa alilazwa chini ya taa kali. Kijana mwenye barakoa, mtaalamu wa dawa ya usingizi, aliinama juu yake akiwa na sindano.

"Mama, barua ninayo, lakini mimi huuliza mwenyewe. Una kilo ngapi?"

Chumba kilijaa watu asiowajua. Shangazi aliwatajia kilo zake zote, kwa sauti ya kufika ukutani, bila kuvuta tumbo ndani.