Nilimtetea Fundi, Nikamvua Nguo Bibi Harusi

Jamani, mdomo wangu umeharibu harusi ya watu, na sina wa kumsingizia. Niacheni niseme. Nimechoka kulala nalo.

Mimi natengeneza kadi za harusi kwa mkono, hapa Soweto, Mbeya. Hakuna aliyenifundisha, nimeokoteza kwenye simu. Nakata maua ya karatasi, nabandika na lesi. Lesi nilikuwa napewa na Tusa, fundi cherehani, mabaki ya magauni yake. Tusa ndiye alinipa kona ya meza yake wakati wengine wananicheka eti nachezea makaratasi. Sasa mtu amguse Tusa? Weee! Utanijua.

Akaja bibi harusi kujaribu gauni. Kaja na wifi yake mtarajiwa, dada wa bwana harusi, katoka Iringa kufuata kadi. Mama wa kanisani huyo, anaongea taratibu, macho hayatulii.

Zipu ikagoma kiunoni.

"Hee, fundi," wifi akacheka. "Hii ndiyo kazi ya Mbeya? Kwetu Iringa hata anayejifunza hakosei kiuno."

Tusa akainamisha kichwa. "Nisamehe dada, nimekata vibaya. Nitaongeza kitambaa."

Tusa akate vibaya? Tusa huyu? Damu ikanichemka! Nikasikia Tusa amenikanyaga mguu chini ya cherehani. Nikadhani anatafuta pa kukanyagia ashone. Nikasogeza mguu nimpishe.

Nikachomoa pateni ukutani, ile karatasi ya kaki anayochora umbo la mteja kabla hajagusa kitambaa. Nikambandikia bibi harusi tumboni, mbele ya wifi yake.

"Haya, tazameni! Karatasi si hii hapa? Ulipimwa, ukajaribishiwa, ukasema safi. Fundi hajakosea! Hilo tumbo limekuja baadaye!"



Bibi harusi akajishika tumbo kwa mikono miwili. Mwe! Ile namna ya kushika, hakuna mwanamke asiyeijua. Wifi akatazama mikono, akatazama karatasi, akabeba mkoba wake.

"Kadi baki nazo," akaniambia.

Kwao kanisani mimba kabla ya ndoa haina utani. Shela hapana, kwaya hapana. Wamefungishwa ndoa asubuhi ya siku ya kazi, binti kavaa kitenge, mama yake hajainua uso. Gauni bado linaning'inia kwa Tusa.

Na Tusa alikuwa anajua! Binti alishamlilia, wakapatana fundi ajitie kosa, gauni liongezwe kimyakimya.

"Nilishakubali kuitwa fundi mbovu," Tusa akaniambia, huku anaondoa vitu vyangu mezani. "Jina lilikuwa langu. Wewe nani alikutuma?"

"Nilikuwa nakutetea, Tusa!"

"Uliniuliza?"

Nikakusanya karatasi zangu, nikatoka. Sasa hivi nakatia maua kitandani, lesi nanunua dukani. Nikipita kwake namsalimia, cherehani inazidi kelele. Zile kadi ziko kwenye boksi, majina yao nimeyabandika kwa gundi kali, hayatoki. Nimejaribu kuyabandua, karatasi inachanika.

Nyie wenye hasira za kupigania rafiki, mnaodhani kupenda ni kupayuka, nawaomba. Mtazame mwenzako usoni kwanza. Na akikukanyaga mguu, funga mdomo wako.

Usisogeze mguu.