Kastadi Yenye Moshi

Rafu ya pili jikoni mwangu ni ya pakiti. Kastadi ya unga, jeli nyekundu, tambi nyembamba za kuiva kwa dakika tano, biskuti za chai, maziwa mazito ya kopo, na ule unga wa keki ambao mtu anatia maji na yai tu, basi. Wifi yangu, dada wa mume wangu, anaiita rafu ya wavivu. Mimi namwambia ahsante. Natoka ofisini jua la Garissa bado linachoma, wageni wetu hawana desturi ya kupiga simu kabla ya kuja, na kitindamlo ninachokijua mimi ni kile kinachoiva kabla mgeni hajamaliza kuvua viatu. Tangu niolewe sijawahi kukanda keki kwa mkono wangu, na sioni haya kusema.

Nilijivunia rafu hiyo mpaka mama yangu alipokuja kukaa nami.

Alitoka Hadado, kule Wajir, miezi michache baada ya baba kufariki. Ngamia waliobaki walipelekwa kwa mjomba, na sisi watoto tukakubaliana kwa simu kwamba Hooyo asiachwe peke yake. Hooyo ni mama kwa Kisomali, na kwetu mama naye humwita mwanawe hivyo hivyo, kwa hiyo nyumba yangu ikawa hooyo huku, hooyo kule, kutwa nzima. Alishuka kwenye gari na furushi moja lililofungwa kwa shuka. Nikamnyang'anya, nikalisukuma chini ya kitanda chake, nikamwambia, "Haya, hooyo, sasa pumzika. Hapa hugusi kazi yoyote." Niliyasema kwa mapenzi. Nilidhani ndiyo heshima yenyewe.

Basi akapumzika. Akapumzika mpaka akaacha kula.

Si kwamba alisusa, la, mama yangu si mtu wa vishindo. Alikula vijiko vitatu, kisha akasukuma sahani taratibu na kusema, "Nimeshiba, hooyo." Wali na nyama ya mbuzi, vijiko vitatu. Anjera, ule mkate wetu laini wa asubuhi, aliimegamega akaificha chini ya kisahani cha chai, akidhani sioni. Tangu nipate akili nimemjua na bangili moja ya fedha, iliyombana mkononi hata kwa sabuni haitoki. Siku moja nilikuwa nampaka mafuta, akainua mkono kuweka mtandio wake sawa, na ile bangili ikateleza kutoka kifundo cha mkono mpaka kwenye kiwiko. Nikatoka uani, nikajifanya naanua nguo. Niliogopa, wallahi. Nilikuwa nimezika mzazi mmoja mwaka huo huo, na niliona wa pili anaondoka mbele ya macho yangu, kidogo kidogo, tena kwa adabu.

Tukaenda hospitali. Daktari, mwanamke mpole kutoka bara, alimpima kila kitu asione ugonjwa. Akamuuliza kwa Kiswahili kama anakula.

"Nakula sana," mama yangu akajibu kwa Kiswahili chake cha sokoni kisicho na herufi p, uso mkavu. "Nakula bole bole tu."

Daktari akanitazama mimi. Akasema nimpe chochote atakachokubali, kiwe laini, kiwe kitamu, sukari yake haina shida, muradi apate nguvu.

Kitu kitamu! Hapo nikajiona bingwa. Nikaishambulia rafu yangu. Nilianza na jeli. Mama akaitikisa sahani, jeli ikacheza. Akaitikisa tena, ikacheza tena. "Hii haijachinjwa bado," akasema, akairudisha. Nikampikia tambi kwa maziwa ya kopo na hiliki. Akasema tambi alizila kwenye harusi yangu, na hata siku ile alikula kwa sababu watu walikuwa wanamtazama. Nikapanga biskuti na kastadi na vipande vya ndizi kwenye bakuli la kioo, kama nilivyoona kwenye simu. Sasa, kwetu ndizi huliwa pamoja na wali, sahani moja, kila mchana. Mama akaikamata ndizi kwa vidole viwili, akaitoa kwenye kastadi, akauliza, "Wali wake uko wapi?"

Mume wangu alicheka mpaka akatoka chumbani. Mimi sikucheka. Kila jioni nilifungua pakiti mpya, kila jioni vijiko vitatu, nimeshiba hooyo. Siku moja uvumilivu ukaniishia, nikampandishia sauti mama yangu mzazi. "Unataka nini basi? Si uniambie!" Akaniangalia kwa upole ambao ningeona afadhali kofi. "Sitaki kitu, hooyo. Nyumba yako ni nzuri." Nilitubu kwa Mungu usiku huo, na kwake nikaona haya kuomba radhi.

Sasa ikaja Ijumaa moja. Wifi yangu na jirani zake wawili walikuwa waje baada ya swala, na safari hii alikuwa ameniarifu, jambo lililonitisha zaidi. Nikaamua kupika kastadi. Umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri, na nilipofungua friji maziwa yangu ya pakiti yalikuwa yameshakuwa mabonge. Duka la karibu limefungwa, wenyewe wako msikitini. Kilichobaki ni jerikeni ndogo ya maziwa ya ngamia, aliyotuletea asubuhi mama mmoja anayetoka upande wa Balambala, ya kutilia chai.

Nilijua, jamani. Kila mtu huku anajua. Vyombo vya maziwa ya ngamia hufukizwa. Kijinga cha moto huingizwa ndani ya chombo, mdomo ukafunikwa, moshi ukashika kuta, ndipo maziwa yatiwe; hayaharibiki upesi, na yana ladha yake. Kwenye chai ni raha. Lakini kastadi ya vanila? Hakuna mwenye akili timamu anayefanya hivyo. Nikajidanganya kwamba sukari itafunika.

Haikufunika kitu. Yalipopata moto tu, moshi ukaamka. Jikoni kwangu, na meko yangu ya gesi na vigae vyangu vyeupe, kukanuka zizi la asubuhi. Tena kastadi ilikuwa nyepesi. Nikaongeza unga, nikakoroga, nikalaani pakiti na aliyeitengeneza. Wifi yangu alikuwa tayari anabisha hodi. Nilikuwa nimeshainua sufuria niimwage niliposikia fimbo kwenye sakafu.

Mama yangu alikuwa hajaja jikoni bila kuitwa kwa wiki nzima. Akasimama mlangoni, pua juu.

"Nani amefukiza chombo?"

"Hakuna, hooyo. Ni kastadi imeharibika. Rudi ukakae."

Hakurudi. Akaninyang'anya kijiko, akachota, akapuliza, akaonja. Nikajiandaa kwa maneno yake. Akafumba macho kidogo, kisha akasema, "Moshi mvivu huu. Kuni zilikuwa mbichi, na huyo aliyefukiza alikuwa na haraka." Akachota tena. Halafu akavuta kigoda, akaketi, akaniashiria bakuli.

Loo! Kwetu mama wa nyumba hali kabla ya wageni. Yeye ndiye aliyetufundisha hivyo, tena kwa fimbo. Na sasa wageni wako sebuleni, hata maji hawajapewa, yeye yuko jikoni anakula. Kijiko cha tatu kikapita. Cha nne. Nikasimama mlangoni kama askari wa benki ili wifi yangu asichungulie, huku machozi yananitiririka na naita kwa sauti ya furaha, "Karibuni, karibuni, naja!" Hesabu ya vijiko ikanipotea kwenye cha kumi.

Nilipowapelekea wageni yao, wifi yangu alionja, akaweka kijiko chini. "Maskini, hii imeungua."

"Haijaungua," sauti ikatoka jikoni. Mama akatokea na fimbo yake, kastadi bado iko mdomoni pembeni. "Imefukizwa. Tena vibaya. Wiki ijayo njoni nitafukiza mwenyewe."

Kesho yake asubuhi akaniomba makaa na kijiti kikavu. Nikamletea jagi langu la plastiki. Akaligeuzageuza, akacheka, mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu msiba. "Hili litayeyuka, hooyo. Toa furushi langu."

Nikalivuta kutoka chini ya kitanda. Hata fundo la shuka alilofunga Hadado lilikuwa halijafunguliwa lote. Nguo zake alikuwa anazichomoa pembeni. Katikati, ndani ya mtandio wa zamani, kulikuwa na chombo chake cha maziwa, kile cha kusukwa kwa nyuzi za mizizi, cheusi kwa moshi wa miaka yote ya utoto wangu. Alikibeba njia nzima kutoka Hadado. Kimekaa chini ya kitanda miezi minne, kikavu, na ufa umeanza kwenye shingo. Mimi nalala chumba cha pili, nafungua pakiti, nauliza unataka nini. Sikuwahi hata kumuuliza amebeba nini.

"Nisamehe, hooyo," nikamwambia. Nilimaanisha yote, na ile siku ya kelele pia.

"Shika mdomo wa chombo," akasema. "Usiachie moshi."

Akaupaka ule ufa samli kwa kidole, akaingiza kijinga, akafunika, akakitikisa kwa mikono yote miwili kama anayembembeleza mtoto. Macho yalimwasha, akakohoa, akanigombeza kwa kusimama upande wa upepo. Akanituma maziwa, akanituma kuni nyingine, akasema hizi za mjini ni takataka. Nilitumwa asubuhi nzima, mimi niliyemwambia asiguse kazi.

Mchana ule nikachemsha yale maziwa, nikatia unga wa kastadi, nikaponda biskuti za chai juu. Ndizi nikaziacha kwa ajili ya wali. Tukaketi jikoni wawili tu. Alimaliza bakuli taratibu, akalipangusa kwa kidole, akalamba kidole. Bangili ilikuwa bado inateleza kwenye kiwiko. Mambo ya mwili hayaendi kwa pakiti. Nikanyoosha mkono kulichukua bakuli, nikingoja lile neno lake la kila siku.

Hakuliachia.

"Sijashiba, hooyo," akasema. "Niongeze."

Nikageukia rafu kutafuta pakiti nyingine. Niliichana kwa pupa, na nusu ya unga ikamwagika sakafuni.