Mkeka Uliobaki Kwenye Picha

Mjukuu wangu alipoanza kuuza mikeka yangu kwenye simu, nilimwambia wazi kwamba sielewi. Nimeuza mikeka hapa Bodo tangu mama yake hajazaliwa. Mtu huja, hupiga hodi, tukajuliana hali, akaukunjua mkeka, akaupapasa pindo, akasema ndiyo au la. Mteja nisiyemuona uso nilimhesabu kuwa hayupo. Hapo ndipo nilipokosea.

Alikuwa amepiga picha mkeka mmoja tu, wa zambarau na manjano, mkubwa, ulionichukua karibu miezi miwili kusuka ukili, ule ukanda mrefu wa majani, na kuushona. Mama mmoja wa Galu, mwenye nyumba za kupangisha wageni, akautaka uleule. Ndiye aliyekuwa mteja wake wa kwanza asiye jamaa wala rafiki. Mjukuu wangu alifurahi hata chakula kikamshinda.

Siku ya kuupeleka alitoka kutafuta pikipiki, maana wenye pikipiki hawaipendi njia yetu ya mchanga. Huku nyuma akaja jirani, macho mekundu. Kaka yake alikuwa amefariki, na walitaka mkeka mpya wa kumbebea. Kwetu sisi, mwenye msiba hasubirishwi mlangoni. Nikautoa ule wa zambarau, nikampa bure, nikajifunga leso tukafuatana.

Mjukuu wangu akanikuta msibani, akanivuta kando.

"Bibi, mkeka u wapi?"

"Umekwenda na marehemu."

"Lakini ulikuwa umeshauzwa!"

"Kauziwa nani? Mbona hakuja kuuchukua?"

"Bibi, ndiyo maana ya kuuza kwa simu! Yule naye amepiga hodi, ila wewe humsikii."

Nilimwambia anyamaze, tuko kwenye kilio cha watu. Lakini maneno yale yalinikaa.

Nilichokuwa sijui ni kwamba alipeleka mkeka mwingine, wa rangi ya kijani na nyekundu, bila kusema neno. Mama wa Galu alipouliza mbona rangi si zile, akamjibu kuwa ni kamera tu, mwanga hubadilisha rangi. Mwanga gani huo wa kugeuza zambarau kuwa kijani? Yule mama akaandika chini ya picha, kila mtu asome: matapeli hawa. Tangu hapo hakuna aliyeuliza hata bei.

Nilipoambiwa, sikumpigia kelele.

"Mimi nilikosa kwa kutojua. Wewe je?"

"Niliogopa, Bibi. Ningemwambia kweli, angeondoka."

"Na sasa amebaki?"

Akalia. Nilimwacha alie, kisha nikamwambia anishikie simu nimtumie yule mama sauti yangu. Nikasema: "Mwanangu, asalaam aleikum. Mimi ndiye msukaji. Mkeka wako niliutoa mimi, nikawapa wafiwa. Habari ya kamera ni uongo, na uongo huo umetoka nyumbani kwangu. Ukitaka kuurudisha huo wa kijani, urudishe. Ukitaka wa zambarau, nitakusukia, lakini utangoja."

Alijibu kesho yake, kwa sauti yake mwenyewe. "Aleikum salaam, Mama. Poleni na msiba. Mngeniambia hivyo siku ile ningengoja, mimi pia nina wazee. Huu wa kijani nitabaki nao. Lakini neno nililoandika sitalifuta, kwa sababu nilidanganywa."

Mjukuu wangu alitaka kumbembeleza alifute. Nikamkataza. Nikamwambia aandike chini yake ilivyokuwa, mkeka ulikwenda wapi na nani alidanganya. Aliandika akafuta, akaandika tena, mpaka nikaridhika. Ile picha akaiacha palepale, akaongeza kwamba mkeka huo haupo tena.

Ulipita muda mrefu. Kisha mtu wa Kikoneni akauliza juu ya mkeka mwingine, uliopigwa picha baadaye: je, bado upo? Mjukuu wangu alikuwa ameshaanza kuandika ndiyo. Akasita, akaweka simu chini, akaingia chumbani kuutazama kwanza. Akarudi kwangu.

"Bibi, huu kuna mtu umemuahidi?"

Nikamwambia hakuna. Ndipo akajibu.